Kabani ya Bagamoyo na Mizani ya Vigwaza

Yamezuka maneno matamu katika mabaraza ya elimu, na maneno matamu yana desturi ya kupokewa pasipo kupimwa. Husemwa kwamba kijana wa leo hana haja ya kufundishwa misingi ya mambo. Haja yake ni kufundishwa chombo. Aonyeshwe mashine iliyo sokoni, ajue kitufe kipi hubonyezwa na kipi huachwa, apewe cheti, aende zake akatafute riziki. Hesabu za nguvu na mizigo, kanuni za umeme, sababu za chuma kupinda na kurudi, yote hayo huitwa nadharia, na neno nadharia siku hizi hutamkwa kama jina la maradhi. Wasemao hivi si wajinga wala si watu wabaya. Wengi wao ni wazazi waliouza mazao, mifugo na hata viwanja ili mtoto asome, na wana haki ya kuuliza atakula nini. Walakini jibu walilopewa ni baya, na ubaya wake hauwapati waliolitoa. Humpata mtoto.

Asiyesadiki na aende Vigwaza. Kijiji hicho kimo katika wilaya ya Bagamoyo, kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Morogoro, si mbali na mto Ruvu. Hapo malori yaliyosheheni bidhaa za bandari, yaendayo Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi, hukutana na mizani ya barabara. Mizani za kale zilidai kila lori lisimame na kukanyaga bamba, ekseli baada ya ekseli, na foleni ya waliongoja nyuma yake ilikuwa haina mwisho. Vigwaza imewekwa mizani ipimayo gari likiwa katika mwendo. Lori hupita juu ya vihisi vilivyofukiwa njiani, uzito wake husomwa, lililo halali huendelea na safari, na linaloshukiwa huelekezwa kando likapimwe limesimama.

Na achukuliwe kwa mfano kijana aliyefundishwa kwa mtindo unaosifiwa. Alijifunza mizani ya kale kwa miezi mitatu: kuwasha, kurudisha sifuri, kusoma tarakimu, kuchapa risiti. Alikuwa hodari, na hodari alibaki muda wote mashine ile ilipobaki. Siku ilipoletwa mashine nyingine, mali yake yote ikawa ni kumbukumbu ya vitufe visivyokuwapo tena. Cheti chake hakikusema uongo, ila kilishuhudia ujuzi wa kitu kilichokwisha kung'olewa na kupelekwa katika chuma chakavu. Kando yake na awekwe mwenzake aliyezoezwa kuuliza sababu. Huyu ajua kwamba gari liendalo huruka-ruka juu ya springi zake, hivyo gurudumu mara husukuma ardhi kwa nguvu iliyo zaidi ya uzito wake, na mara kwa nguvu iliyopungua. Ajua, basi, kwamba uzito uliosomwa kwa kufumba na kufumbua hauwezi kuaminiwa sawasawa na uzito uliosomwa gari limetulia. Hana haja ya kuambiwa kwa nini lori la kushukiwa hupelekwa kando. Angalikuwa yeye mwenye kuipanga mizani ile angaliipanga vivyo hivyo. Mashine mpya kwake ni mgeni, lakini mgeni wa ukoo anaoujua.

Tofauti ya vijana hawa wawili haimo katika mashine peke yake. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika Tanzania mwaka 2019, imeweka tani 10 kuwa kikomo cha ekseli moja yenye magurudumu manne, na tani 56 kuwa kikomo cha lori zima. Kijana wa kwanza huzijua tarakimu hizi kama askari ajuavyo amri. Dereva akimwuliza kwa nini tani 10 na si 12, kwa kuwa tani 2 si kitu katika safari ya Lubumbashi, hana jawabu ila kuonyesha karatasi. Lakini jawabu lipo. Majaribio yaliyofanywa Ottawa, katika jimbo la Illinois nchini Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960, ambapo malori yalizungushwa usiku na mchana juu ya barabara zilizojengwa makusudi ziharibiwe, yalionyesha kwamba madhara ya ekseli hayaongezeki kwa kadiri ya mzigo. Huongezeka takriban kwa kipeo cha nne cha mzigo. Ekseli ya tani 12 imezidi ile ya tani 10 kwa sehemu moja ya tano tu, lakini uharibifu wake ni zaidi ya maradufu; na ekseli ya tani 20 huitafuna barabara kama ekseli 16 za tani 10. Ajuaye hesabu hii huitazama barabara ya Morogoro kwa jicho jingine. Aweza kumjibu dereva, aweza kumshauri mwenye gari namna ya kuugawa mzigo wake, na, jambo lililo kubwa zaidi, aweza kutoka katika kibanda cha mizani akaajiriwa katika kazi ya kujenga barabara, kwa kuwa kile anachokijua hakikufungwa kwa misumari katika kibanda kile.

Historia ya pwani hii yenyewe yatosha kuwakanusha wenye kudharau misingi. Katika karne ya 19 Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara itokayo Ujiji na Tabora. Pembe za ndovu na sandarusi zilishushwa hapo zikapimwa kwa frasila, na chombo kimoja cha kupimia katika biashara ya pwani kilikuwa kabani. Vijana wengi wa leo hawajapata kuiona kabani, wala hawalijui jina lake. Ni ufito wa chuma ulioning'inizwa karibu na ncha yake moja. Mzigo huangikwa upande mfupi, na jiwe la kupimia husogezwa juu ya upande mrefu mpaka ufito ulale sawa. Jiwe la ratli chache hupima pembe ya frasila nzima. Siri yake ni ile ile ya wenzo, ambayo Arkimedi aliiandikia hoja karne tatu kabla ya Masihi, na ambayo mabaharia wa pwani waliijua hata wakaiweka katika methali: chombo hakiendi ila kwa nyenzo.

Mtu aweza kudhani kwamba kati ya ufito ule na mizani ya Vigwaza hakuna udugu wowote. Kwa macho, hakuna. Mizani ya siku hizi ya kupimia lori lililosimama kwa kawaida hukaa juu ya vipande vya chuma vigumu, na juu ya kila kipande zimegandishwa nyaya nyembamba mno. Lori likipanda, chuma hubonyea kiasi ambacho jicho haliwezi kuona, na waya uliogandishwa juu yake huvutika au husinyaa pamoja nacho. Kwamba chuma hubonyea kwa kadiri ya mzigo wake, mradi haujapita mpaka, alilitangaza Robert Hooke mwaka 1678. Kwamba waya uliovutwa huongeza ukinzani wake mbele ya umeme, alilibaini William Thomson mwaka 1856. Mwaka 1938 Wamarekani wawili, Edward Simmons na Arthur Ruge, kila mmoja kwa njia yake pasipo kumtegemea mwenziwe, waliyaoa maarifa hayo mawili wakapata kipimo cha waya wa kugandisha.

Lakini badiliko la ukinzani katika waya ule ni dogo sana, na swali likawa ni kwa hila gani lisomwe. Hila ilikuwapo tayari. Samuel Hunter Christie aliieleza mwaka 1833, na Charles Wheatstone akaieneza mwaka 1843 hata ikachukua jina lake. Umeme hupitishwa katika njia mbili, kila njia ina ukinzani wa namna mbili, na katikati huwekwa kipimo. Njia zikiwa sawa, mshale wa kipimo husimama kwenye sifuri. Zikitofautiana japo kidogo, mshale huelekea upande mmoja. Msomaji na airudie kauli hiyo taratibu. Kisichojulikana kimewekwa upande mmoja, kinachojulikana upande wa pili, na mtu angoja ulingano. Hiyo ni kabani! Ni kabani isiyo na ufito wala jiwe, lakini ni kabani. Mpimaji wa Bagamoyo aliyejua kabani yake kwa sababu, si kwa mazoea tu, angalifufuliwa leo angalishangaa juu ya kila kitu Vigwaza isipokuwa fikira iliyomo ndani yake. Na kijana wa leo aliyeshika mizani ile kwa vitufe tu ni mgeni mbele ya kabani na mbele ya mizani, zote mbili.

Mfano wa pili uko jirani kiasi kwamba mtu wa Vigwaza huusikia. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, ikipitia Ruvu. Upana wake ni mita moja. Pembeni yake sasa imelazwa reli nyingine yenye upana wa milimita 1,435, ambayo treni zake za umeme zilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024. Na tarehe 31 Julai 2025 ilizinduliwa Bandari Kavu ya Kwala, ambayo malori huifikia kwa barabara ya zege ianziayo Vigwaza. Katika maisha ya mtu mmoja, fundi wa reli aweza kuwa ameona mvuke, dizeli na umeme.

Watu husema kwamba fundi wa dizeli hana kazi mbele ya treni ya umeme. Maneno haya husemwa na mtu asiyeijua injini ya dizeli. Yapo magarimoshi mengi ya dizeli ambayo injini yake haizungushi gurudumu hata moja. Injini huzungusha jenereta, jenereta hutoa umeme, na umeme huzungusha mota zilizo kwenye ekseli. Garimoshi la namna hiyo ni treni ya umeme iliyobeba kituo chake cha umeme mgongoni. Ile mpya imekitua kituo hicho chini, na badala yake huchukua umeme wa volti 25,000 kutoka katika waya wa juu. Fundi aliyefundishwa kwamba badiliko la usumaku huzaa umeme, jambo alilolivumbua Michael Faraday mwaka 1831, amekwisha kuvuka nusu ya mto kabla hajapewa kitabu cha treni mpya. Fundi aliyefundishwa kwamba bolti hii hufunguliwa kwa spana ile amebaki ukingoni, na wenzake humwita mzee, hata kama umri wake ni miaka 35.

Wapinzani wana silaha wanayoitegemea sana, nayo ni waraka wa Elimu ya Kujitegemea alioutoa Mwalimu Nyerere mwaka 1967. Husema: je, Mwalimu hakuilaumu elimu ya vitabu? Hakuitaka shule iwe shamba na karakana? Alifanya hivyo, na alikuwa na haki. Lakini waraka ule husomwa nusu. Katika sifa alizozitaka ziwemo katika mwanafunzi, Nyerere aliweka akili yenye kudadisi, na uwezo wa kujifunza kutokana na wafanyayo wengine kisha kuyakataa au kuyageuza yafae mahitaji ya kwao. Nani ageuzaye asichokielewa? Asiyejua sababu ya kitu hana uhuru nacho. Atakipokea kama kilivyoletwa na atakitupa kitakapotupwa na wenyewe. Kulitumia jina la waraka ule kutetea mafunzo ya vitufe ni kumvika marehemu nguo ambayo hakupata kuivaa.

Hoja yao ya pili ni nzito zaidi na haifai kupuuzwa. Husema njaa haingoji. Kijana wa Vigwaza anayeuza mahindi ya kuchoma kwenye madirisha ya mabasi hana miaka mitano ya kusoma kanuni. Akipata miezi mitatu ameshukuru. Ni kweli. Na ni kweli pia kwamba wako waliohitimu vyuo vikuu wawezao kuandika kanuni ya Hooke kwa herufi nzuri juu ya ubao, lakini wakiletewa mizani iliyoharibika hawajui waanzie wapi. Hao wamewapa adui wa misingi ushahidi mwingi kuliko vitabu vyote vilivyoandikwa dhidi ya misingi. Lakini hoja hii hudhania jambo lisilothibitishwa, yaani kwamba msingi huchukua miaka na chombo huchukua miezi. Wenzo hufundishika kwa fimbo, mawe mawili na asubuhi moja. Ulingano wa umeme hufundishika kwa betri, vipande vinne vya waya na kipimo kimoja cha bei nafuu. Katika miezi mitatu zimo asubuhi nyingi. Kinachokosekana si muda. Ni mwalimu ambaye mwenyewe aliwahi kuulizwa kwa nini, na mtihani unaomdai mwanafunzi jawabu la swali hilo.

Isitoshe, msingi si karatasi. Fundi wa jahazi katika pwani ya Bagamoyo hujenga kwa jicho pasipo mchoro, na wako wanaomtaja kuwa ni ushahidi kwamba mikono yatosha bila ya elimu. Na aulizwe kwa nini, akitafuta mataruma, hupita msituni akichagua miti iliyopinda yenyewe, akaiacha ile iliyonyooka ambayo ni rahisi kupasua. Atajibu kwamba mti uliokatwa ukapindishwa kwa shoka umekatwa nyuzi zake, na mawimbi yatauvunja mahali zilipokatika. Uliopinda kwa asili, nyuzi zake zimefuata mpindo. Hiyo ni sayansi ya mikazo, hata kama hakuisoma kwa jina hilo. Ilipokuja mashine ya kusukuma chombo badala ya tanga, fundi wa namna hii aliweza kufikiri uzito ule ukae wapi na mtikisiko wake upokewe na nini.

Yako pia maumivu ambayo wanazuoni wa Kiswahili hawana udhuru wa kuyanyamazia. Mtoto wa shule ya serikali husoma darasa la kwanza hata la mwisho la shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha akiingia sekondari hupewa misingi ya fizikia kwa Kiingereza. Wakati ule ule ambao akili yake inaombwa ielewe kani ni nini, inaombwa pia ikisie neno la kigeni lina maana gani. Matokeo yajulikana: mwanafunzi hukariri. Naye akikariri, kanuni ya Hooke huwa kitufe kingine tu, kilichochorwa katika daftari badala ya mashine. Hapo ndipo adui wa misingi husema, mwaona, nadharia haiwafai! Tume iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia sekondari na vyuoni. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa mwaka 1990 Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Maneno kama kani, tungamo na ukinzani yamekwisha kupata makao. Nyumba imejengwa, ufunguo upo, na watoto wanalala nje.

Kuhusu kompyuta maneno machache yatosha, kwa kuwa habari ni ile ile. Kompyuta ya kwanza ya serikali iliwekwa Hazina mwaka 1965. Mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta ulipigwa marufuku. Baadaye marufuku ikalegezwa, na mashine zilizoingia hazikufanana na zile zilizotoka. Kazi ya kutoboa kadi, ambayo zamani ilikuwa ajira ya heshima, imekufa kabisa. Leo ziko programu za akili mnemba ziandikazo programu nyingine, na kozi za majuma sita zilizowafundisha vijana kuandika kwa kunakili zimeanza kutazamana. Aliyejua namna ya kuligawa tatizo katika sehemu zake, na namna ya kuthibitisha kwamba jawabu ni sahihi, bado anatakiwa, maana mashine hizo hukosea kwa sauti ya mtu asiyekosea.

Mwaka 2024 ulianzishwa katika shule za sekondari mkondo wa amali, ili vijana wajifunze kazi pamoja na masomo. Mkondo huo waweza kuwa baraka, na waweza kuwa jina jipya la elimu ya vitufe. Hakuna lililoandikwa mbinguni. Watungao mitihani yake ndio watakaoamua, na wengi wao wametoka au watatoka katika vyuo ambavyo makala haya yanasomwa. Mtihani wa umeme ukimwuliza mwanafunzi ataje sehemu tano za mashine fulani, atazitaja, na mashine ikibadilika atakuwa hana kitu. Ukimpa waya, betri na kipimo, ukamwambia aonyeshe kwamba waya uliovutwa si sawa na waya uliolegea, kisha aeleze kwa maneno yake mwenyewe jambo hilo lina kazi gani katika mizani ya Vigwaza, atakuwa amefanya kwa mikono na kwa akili katika saa moja. Mizani yenyewe iko barabarani, malori hayakatiki, na mwalimu akiomba ruhusa ya kuwasimamisha wanafunzi arobaini pembeni kwa asubuhi moja, wakiwa na daftari na ufito wao wa kabani waliouchonga wenyewe, gharama yake haizidi nauli ya daladala.